Kijiji Kinapofutwa: Nani Ana Haki ya Kusimama Mahakamani?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba wake wote. Ama baad.

Katika darsa moja ya fiqhi, tulipokuwa katika mlango wa madai na ushahidi, mwanafunzi mmoja anayetokea pande za Karatu alituuliza: "Sheikh, kijiji kikifutwa kwa tangazo, nani atakwenda mahakamani kukidai? Kijiji chenyewe hakipo tena. Na mkazi mmoja mmoja akienda, si ataambiwa kuwa amejitwisha jambo lisilokuwa lake?" Wenzake wengine walicheka kidogo, wakidhani ni fumbo la kuchezea akili. Sisi hatukucheka, kwa sababu jambo hilo limewafika watu walio hai, nao ni majirani zetu.

Tarehe 2 Agosti 2024 lilitolewa Tangazo la Serikali Na. 673, likatokana na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa. Kwa tangazo hilo kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro viliondolewa katika orodha ya maeneo ya utawala. Olbalbal ni mojawapo ya kata hizo. Ni nchi ya wafugaji wa Kimasai, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, karibu na bonde ambamo maji ya Korongo la Olduvai huishia. Ng'ombe walibaki wakichunga na watu walibaki katika maboma yao, lakini kwa karatasi kijiji kilikuwa kimeondoka.

Katika makala hii tutaeleza, kwa idhini ya Allah, mambo matatu: kijiji ni nini mbele ya sheria, nani ana haki ya kuipinga hati inayokianzisha au inayokifuta, na mafaqihi wetu wamesema nini katika mlango huu.

KIJIJI NI "MTU" WA NAMNA GANI?

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeweka kwamba kijiji kikisajiliwa, halmashauri ya kijiji hupewa cheti. Kuanzia tarehe ya cheti hicho halmashauri inakuwa mtu wa kisheria: ina muhuri wake, inamiliki mali kwa jina lake, inashitaki na kushitakiwa, na haifi kwa kufa mwenyekiti wala kwa kwisha muda wa wajumbe. Kwa maneno mengine, ni shirika. Kampuni ya biashara ina hati yake ya usajili, wadhamini wa msikiti wana cheti chao, na kijiji nacho kina chake.

Jambo hili si geni katika fiqhi ingawa jina lake ni jipya. Wanachuoni wa siku hizi wanaliita "shakhsiyya i'tibariyya", yaani nafsi ya kuzingatiwa. Wa kale hawakulitumia jina hilo, lakini hukumu zake walikuwa nazo. Waliizungumzia Baitul-mali kuwa inadai na kudaiwa. Waliuzungumzia wakfu kuwa una mali na madeni yake mbali na mali ya nadhiri wake. Na wanachuoni wa Kishafii wameeleza kwamba msikiti hushika milki kama anavyoshika mtu huru, ila kwa kuwa hauna ulimi, husemewa na msimamizi wake.

Hapo ndipo penye uzito wa suala letu. Nafsi isiyokuwa na ulimi inahitaji msemaji, na msemaji wa kijiji ni halmashauri yake. Basi ikifutwa hiyo halmashauri, nani atasema?

KANUNI KONGWE: MWENYE KUTOA HATI NDIYE MWENYE KUIHOJI

Katika sheria ya Kiingereza, ambayo mahakama zetu zimerithi mengi kutoka kwake, hati ya kuanzisha shirika ilihesabiwa kuwa zawadi ya Mfalme. Kwa hiyo mwenye kuuliza "mnafanya haya kwa hati ipi?" alikuwa Mfalme mwenyewe kupitia mwanasheria wake. Jirani aliyechukizwa na shirika, au mfanyabiashara aliyeshindwa nalo sokoni, hakuwa na mlango wa kuivunja hati hiyo.

Mwaka 1683 Mfalme Charles wa Pili aliutumia mlango huo dhidi ya Jiji la London lenyewe. Mahakama ikahukumu kwamba jiji limepoteza hati yake, na mji mkubwa kuliko yote katika ufalme ule ukakaa bila ya mamlaka yake ya asili. Baada ya Mfalme aliyemfuata kuondoka madarakani, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1690 ya kuibatilisha hukumu ile. Mazingatio yake ni kwamba kanuni ya kumwachia mtawala peke yake haki ya kuhoji hati humlinda mwenye hati dhidi ya majirani wenye husuda, lakini haimlindi dhidi ya mtawala mwenyewe.

Kanuni ya pili ilitokana na shauri la Foss na Harbottle la mwaka 1843, huko huko Uingereza. Iliamuliwa kwamba shirika likidhulumiwa, mdai ni shirika lenyewe, wala si mwanachama mmoja mmoja. Kanuni hii ina hekima yake. Mwenyekiti wa kijiji akiuza kiwanja cha kijiji kinyume na utaratibu, aliyedhulumiwa ni kijiji, na kijiji kina mkutano mkuu na halmashauri ya kulishughulikia jambo hilo. Lakini kanuni hii inadhania kuwa shirika lingali hai. Haisemi kitu juu ya shirika lililouawa.

MAHAKAMA ZETU ZILIVYOPITA NJIA HII

Tanzania imepata mashauri yanayoonyesha ugumu wa mlango huu, na moja lilitokea Hanang, si mbali sana na Karatu. Shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilichukua ardhi ya kulima ngano katika nyanda za Basotu, na Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji kadhaa wakalishitaki. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Ilisema kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo, na kwamba ardhi kuwa ndani ya eneo la utawala la kijiji hakukifanyi kijiji kuwa mmiliki. Ama wanakijiji waliodai kwa majina yao, walitakiwa wathibitishe sifa zao za kuimiliki kwa mila, na hawakuthibitisha. Kwa hiyo kijiji kilianguka kwa kukosa karatasi, na watu wake wakaanguka kwa kukosa ushahidi.

Baada ya hapo, katika hukumu iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1996, raia mmoja aliwashitaki Wadhamini Waliosajiliwa wa Chama cha Mapinduzi juu ya umiliki wa mali za chama. Jaji Samatta aliliondoa dai lake. Alieleza kwamba haitoshi mahakama kuwa na uwezo wa kuliamua jambo. Ni lazima pia mdai aonyeshe kuwa yeye ana haki ya kulileta, yaani kuna haki au maslahi yake yaliyoguswa.

Upande wa pili, mwaka 1994 Jaji Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, aliufungua mlango mpana zaidi. Alitegemea ibara ya 26(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Kwa mtazamo huo, raia anaweza kulisimamia jambo la umma hata kama madhara yake hayamhusu yeye peke yake. Mwaka 2020 Bunge liliubana mlango huo kwa kumtaka mwenye kufungua shauri la haki za msingi aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Marekebisho hayo nayo yalipingwa, na mgogoro wake ukafika Mahakama ya Rufani.

Kuna mlango wa tatu, nao ndio unaohusu zaidi matangazo kama lile la Agosti 2024. Huu ni mlango wa kuiomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka ya umma. Kanuni za mwaka 2014 zinamruhusu kuomba mtu ambaye maslahi yake yameathirika, au anaamini kuwa yataathirika, kwa kitendo au kwa kuacha kutenda. Hapa mwombaji hatakiwi kuwa ndiye shirika. Anatakiwa awe mtu aliyeguswa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mkazi mmoja wa Ngorongoro alikwenda Mahakama Kuu Arusha, na tarehe 22 Agosti 2024 mahakama ikasimamisha utekelezaji wa Tangazo Na. 673. Zilikuwa zimepita siku 20 tu tangu litolewe. Katika siku hizo hizo maelfu ya wakazi walikuwa wamekusanyika barabarani kueleza malalamiko yao. Serikali ilituma mawaziri kuzungumza nao, na wakazi wakaahidiwa kushiriki katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mgogoro mkubwa wa ardhi na makazi haukwisha kwa amri hiyo, na tarehe 1 Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimasai Arusha, akatangaza kuunda tume mbili za kuuchunguza. Hata hivyo katika suala letu jambo moja lilikuwa limedhihiri: mtu mmoja aliyeguswa alisimama, na mahakama ikamsikiliza.

MAFAQIHI WAMESEMA NINI?

Asili ya mlango huu ni Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambayo maana yake ni kwamba lau watu wangelikuwa wanapewa kwa kudai tu, wangelidai damu na mali za watu. Kwa ajili hii mafaqihi wakashurutisha kwamba mdai awe "khasm", yaani mtu mwenye kuhusika na kinachogombewa. Ajaye kudai deni la mwenzake bila ya uwakala, hasikilizwi. Kwa hiyo kile alichokisema Jaji Samatta hakikupingana na misingi tuliyoisoma.

Lakini mafaqihi hawakukomea hapo, kwa kuwa waliona kwamba ziko haki ambazo hazina mwenyewe mmoja. Imam al-Mawardi wa madhehebu yetu ya Kishafii, aliyefariki mwaka 450 H, ameeleza katika al-Ahkam as-Sultaniyya kwamba haki za wanadamu ni za aina mbili. Iko haki khasi, kama deni, ambayo msimamizi wa hisba haingilii mpaka mwenyewe ashitaki. Na iko haki ya jumla, kama maji ya mji yakikatika au ukuta wake ukibomoka, ambayo hushughulikiwa bila ya kungojea mtu mmoja aseme "ni yangu".

Ufafanuzi mwepesi zaidi kuufuata umo katika Majalla, mkusanyiko wa hukumu za Kihanafi uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876. Sisi si Mahanafi, lakini elimu ni ya Waislamu wote. Katika kitabu chake cha madai imeelezwa kwamba katika jambo ambalo manufaa yake ni ya umma, kama barabara, inatosha mmoja wao awe mdai. Kisha ikatajwa mito na malisho yanayotumiwa kwa pamoja na watu wa vijiji viwili: wakiwa ni watu wasiohesabika, inatosha wahudhurie baadhi yao, wakiwa ni wenye kuhesabika, lazima wahudhurie wote au mawakala wao. Na kiwango kikawekwa: wakazi wa kijiji wakizidi mia moja, wanahesabiwa kuwa watu wasiohesabika.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi walivyoliona jambo hili. Walitaja malisho na kijiji, na wala hawakumtaka mchungaji aje na watu mia nyuma yake ndipo asikilizwe. Sheria yetu ya mwenendo wa madai nayo ina utaratibu unaokaribiana na huo, ambapo mahakama humruhusu mmoja au wachache kushitaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yale yale.

Ama ardhi iliyohifadhiwa kwa amri ya mtawala, mfano wake kwetu ni "hima". Imepokewa na Bukhari kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimweka mtumishi wake Hunayy asimamie hima, akamuusia aogope dua ya aliyedhulumiwa, na awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache kabla ya mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan (r.a.). Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri wale mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atamjia Khalifa na watoto wake, naye hataweza kuwaacha. Na Abu Ubayd, aliyefariki mwaka 224 H, amesimulia katika Kitab al-Amwal kwamba bedui mmoja alimkabili Umar kwa sababu ya hima hiyo, akamwambia kuwa nchi ile ni yao, waliipigania zama za ujahili na wakasilimu wakiwa juu yake. Umar alimjibu kwa hoja ya haja ya umma. Katika riwaya hiyo hatukuona kwamba alimuuliza kwanza barua ya kabila lake.

WALII WA DAMU

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Tulimjibu kwa swali: mtu akiuawa, nani anadai? Maiti hawezi kudai kisasi wala diya. Lakini hakuna faqihi aliyesema kwamba kwa kuwa mwenye haki amekufa, basi haki imekufa. Katika Suratul-Israa, aya ya 33, Allah (s.w.) amempa mamlaka walii wa aliyeuawa kwa dhulma. Walii si maiti, lakini damu ile inamhusu. Na mpita njia hawi walii kwa kuhuzunika tu.

Huu ndio mpaka tunaouona kuwa ni wa haki. Shirika likiwa hai, na ugomvi ni wa mambo yake ya ndani, liachwe lijisemee. Lakini likiondolewa uhai kwa kufutiwa hati, ulimi unarudi kwa wale ambao liliundwa kwa ajili yao. Kwa kijiji, hao ni wakazi wake: aliyekuwa akipata barua ya utambulisho kwa muhuri wake, aliyekuwa akipiga kura katika mkutano wake, na mwenye mifugo katika malisho yake. Kumwambia huyu kwamba hana haki kwa kuwa mdai wa kweli ni kijiji, na huku kijiji kimefutwa, ni kumfanya muuaji afaidike kwa kuua kwake.

Wapo watakaosema kwamba mlango ukifunguliwa hivi kila mtu atakimbilia mahakamani. Jawabu ni kwamba walii wanajulikana. Mtu wa Dar es Salaam asiye na boma wala jamaa Olbalbal anaweza kuwaombea dua, kuwasaidia kwa mali na kuwatafutia wakili, na kama ni jambo la Katiba ana mlango wake wa ibara ya 26(2). Lakini katika kukidai kijiji, aliyeguswa ndiye anayetangulia.

Na isidhaniwe kwamba mkazi huyo anaweza kuivunja hati ya kila shirika linalomkera. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwa mfano, ilipewa nafsi yake ya kisheria na Bunge mwaka 1975, katika eneo lililotengwa tangu 1959. Kuwepo kwake hakuondolewi kwa malalamiko ya mtu. Kinachoweza kuhojiwa ni matendo yake: je, yamo ndani ya sheria iliyoiunda? Na miongoni mwa kazi ambazo sheria hiyo iliipa ni kulinda na kuendeleza maslahi ya wafugaji wa Kimasai wa eneo hilo. Mwenye kutajwa ndani ya hati kuwa ni mnufaika ana hoja nzito ya kudai kwamba hati ifuatwe.

NASAHA KWA MAIMAMU NA WASIMAMIZI

Mambo haya yanatuhusu moja kwa moja, kwa sababu misikiti na madrasa zetu nyingi zimesajiliwa kwa jina la wadhamini, na cheti chao nacho kinaweza kufutwa.

Kwanza, karatasi zihifadhiwe. Cheti, mihutasari ya mikutano na hati za ardhi visikae chini ya godoro la mtu mmoja. Watu wa Mulbadaw hawakushindwa kwa kukosa kuishi juu ya ardhi yao. Walishindwa katika kuthibitisha.

Pili, waumini wajulikane. Daftari la wanaoswali na kuchangia ni ushahidi wa kesho wa nani ameguswa.

Tatu, muda usipuuzwe. Ombi la kuitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka lina miezi 6 tu, na shauri la kupelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, lina miezi 2. Anayekaa mwaka mzima akitafuta suluhu ya mdomo peke yake huenda akakuta mlango umefungwa.

Nne, njia ya sheria na ya amani itangulizwe, na asimame mtu mkweli, asiyetafuta jina wala posho kwa shida za wenzake.

HITIMISHO

Hati ni karatasi, na aliyeitoa anaweza kuinyang'anya. Lakini watu walioandikiwa hati hiyo si karatasi. Wakazi wa Olbalbal walikuwepo kabla ya tangazo, na asubuhi ya pili yake waliamka wakakamua ng'ombe wao kama kawaida. Haki ya kuuliza kwa nini wamefutwa haiwezi kufutwa kwa tangazo lile lile wanaloliuliza.

Tunamuomba Allah (s.w.) awaongoze wenye mamlaka katika uadilifu, na awape subira na hekima wenye kudai haki zao. Wallahu a'lam.